Majembe Chini kwa Katekista

Mvua za kwanza zilipoangukia Busonge mwaka ule wa themanini na moja, kila mtu alifurahi kwa sababu yake. Wenye mahindi walifurahia mahindi, wenye pamba walifurahia pamba, watoto walifurahia kumbikumbi, na wanawake walifurahi kwamba kisima cha bondeni kimejaa na hakuna tena kugombania kata. Salvina naye alifurahi. Ila furaha yake haikuwa ya kumsimulia mtu, kwa maana mvua ilimletea kitu kimoja tu alichokuwa akikingoja tangu Majilio ya mwaka uliopita: siku ya kulima shamba la katekista.

Busonge ni kigango cha upande wa Ushirombo, na padre alikuwa akifika pale mara chache, pikipiki yake ikikubali. Siku nyingine zote mambo ya Mungu yalikuwa mikononi mwa katekista. Katekista halipwi, au analipwa kitu cha kuchekesha, kwa hiyo waumini walimlimia shamba lake mwanzoni mwa Desemba, baada ya sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa, kabla pilikapilika za Noeli hazijaanza. Walilima kwa nyimbo, kama Wasukuma wote wanavyolima, na anayeongoza nyimbo, ambaye huku huitwa ningi, ana ruhusa ambayo hata mwenyekiti wa kijiji hana. Akikuimba, umeimbwa. Hukasiriki, hushitaki, hushiki rungu. Na wakifika katikati ya shamba, wakulima hulaza majembe chini, ningi akataja anachotaka, na mwenye shamba hana budi kuyakomboa majembe ndipo kazi iendelee. Mara nyingi huwa ni kuku, au mtungi mwingine wa togwa. Asipokomboa, watu hubeba majembe yao wakaenda zao, na hakuna atakayerudi kulima hapo. Sheria hiyo haijaandikwa popote, na Busonge hapakuwa na aliyewahi kuivunja.

Ningi wa Busonge alikuwa Salvina.

Watu walimwita Mama Clemens, hata baada ya Clemens kufa. Ndivyo ilivyo kwetu: mtoto akishakupa jina, hakuna kifo kinachoweza kulirudisha. Mtu mmoja tu kijijini kote alikuwa ameacha kumwita hivyo, naye alikuwa Donatus, katekista. Yeye alimwita Salvina, kavukavu, kama anayeita binti wa kuchota maji. Kila alipoitwa hivyo Salvina aliitikia kwa adabu, kisha akaenda nyumbani akatwanga mtama mpaka mchi ukamchubua viganja.

Tuseme lililotokea, maana mtu asiyelijua atadhani mama huyu alikuwa na roho mbaya tu. Clemens alikuwa na miaka saba. Alishikwa na homa wiki ya kwanza ya Majilio, homa ile inayomfanya mtoto aongee na watu wasiokuwapo. Salvina alimbeba mgongoni hadi zahanati, akaambiwa dawa zimekwisha na gari la dawa halijulikani litakuja lini. Mwaka ule hata sabuni na chumvi vilikuwa vya kubahatisha. Akarudi naye. Bibi yake mtoto akamwambia, basi tumpeleke kwa mfumu, yule mzee wa mitishamba aliyeko ng'ambo ya mto. Salvina alikuwa Mkristo wa kubatizwa, wa kipaimara, wa kuimba kwaya. Alikwenda. Nani asingekwenda? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mfumu akamchanja mtoto, akamfunga hirizi mkononi kwa uzi mweusi, na keshokutwa yake Clemens akafa.

Baba yake, Eustace, alikuwa kuli kule Isaka, akipakia magunia kwenye malori ya kwenda magharibi. Habari za msiba zilimfikia wakati mwanawe ameshazikwa. Kwa hiyo Salvina alikuwa peke yake mbele ya maiti ya mwanawe wakati Donatus alipoingia na kitabu chake cha sala, akainama kumnyunyizia maji ya baraka, na akauona ule uzi mweusi ambao wanawake walisahau kuukata.

Hakunyunyiza. Alikifunga kitabu.

"Huyu amekufa mikononi mwa shetani," alisema. "Hatapigiwa kengele. Hatalala makaburini kwa Wakristo. Na lile jina la mtakatifu alilopewa kwenye ubatizo, mimi silitamki juu ya kaburi la hirizi. Mzikeni mnavyojua wenyewe."

Padre alikuwa safarini mbali, na angekuwapo, nadhani asingekubali upuuzi ule. Lakini hakuwapo, wala alipokuja baadaye hakuna aliyethubutu kumweleza, na katekista asipopinduliwa na padre ndiye neno la mwisho. Wazee walinong'ona, wakakohoa, wakatazama chini. Kile kipande cha reli kilichoning'inia nje ya kanisa, ambacho hugongwa kwa kila Mkristo anayekufa ili hata walio mashambani wasimamishe kazi na kusema "Raha ya milele", hakikugongwa. Clemens alizikwa kando ya mkonge, nyuma ya nyumba, bila sala, bila jina, kama mtu anavyofukia mbwa. Jumapili iliyofuata Donatus alihubiri juu ya hirizi, akamtaja Salvina kwa jina, na kumkataza asijongee komunyo wala asiimbe kwaya.

Mtu mmoja tu alikuja. Siku ya tatu ya msiba, mchana, jua likiwaka, Generosa mke wa katekista alipita kati ya nyumba za watu akiwa ameshika rozari yake hadharani, akaketi chini kando ya mkonge, akasali mafumbo yote huku Salvina akimtazama kutoka mlangoni. Alipomaliza alisema, "Mungu ampokee, Mama Clemens," akaondoka. Alilia yeye kuliko baadhi ya ndugu. Watu walisema alipofika nyumbani alipigwa, na Salvina aliamini.

Tangu hapo Salvina alimchukia Donatus kwa bidii. Simaanishi alinuna. Kununa ni kwa watoto. Yeye alimchukia kama mtu anavyofuga ng'ombe: aliiamkia chuki hiyo asubuhi, akailisha, akainywesha, akailaza. Alipoisikia sauti ya Donatus ikiongoza Baba Yetu kanisani alisema moyoni, koo lako likauke. Mvua ya mawe ilipopiga mahindi ya katekista mwezi wa tatu alikaa kizingitini akatabasamu mpaka mwisho, ingawa mahindi yake mwenyewe nayo yalipigwa. Alitaka apate. Alitaka asimame mbele za watu avuliwe kitu, kama yeye alivyovuliwa. Na hakuwa na cha kumvua, kwa sababu Donatus alikuwa safi. Hanywi, haibi, hashiki wake za watu. Hilo ndilo lililokuwa likimnyima Salvina usingizi kuliko yote.

Basi Mungu si Athumani. Siku chache kabla ya sikukuu ya Bikira Maria, kaka yake Salvina, Tarsisi, alirudi kutoka Nyarugusu alikokuwa akichimba dhahabu. Wachimbaji wengi hurudi makwao Desemba, wengine na redio, wengine na kikohozi. Tarsisi alirudi na vyote viwili. Jioni hiyo kumbikumbi walikuwa wametoka, na Salvina alikuwa ameketi jikoni akiwakaanga katika chungu bila mafuta, akiwapepeta mabawa, huku kaka yake akiwachota wangali wa moto.

"Dada," Tarsisi alisema huku akitafuna, "huyu katekista wenu siku hizi naye anatafuta mali?"

"Mali gani?"

"Nilimwona kule kwetu machimboni. Mwezi wa nane. Kuna mganga mmoja mwanamke, mtu wa Mara, anaitwa Bhoke. Sisi wachimbaji tunakwenda kwake kusafisha nyota kabla ya kuingia shimoni. Nikamwona Donatus kwenye foleni, kofia imeshushwa mpaka kwenye pua. Mkewe amejifunika kanga. Na yule Bhoke ana mlango wa wachimbaji na mlango wa wanaotafuta watoto. Wao walikuwa huu wa pili."

Salvina aliacha kupepeta. Kumbikumbi waliungua na hakuwaona.

"Una hakika?"

"Dada, mimi nimekaa na huyo bwana darasa moja la komunyo ya kwanza. Nilimwona akitoka anajifunga mkanda wa suruali, na uzi mweusi ukining'inia. Akaniona nikimwona. Akageuza uso."

Mwezi wa nane. Salvina alikumbuka mahubiri ya mwezi wa nane. Ndiyo Jumapili ile Donatus alipogonga meza ya mbele kwa ngumi akisema kwamba wenye hirizi wanamsulubisha Yesu upya, na macho yake yakamtafuta yeye nyuma kabisa karibu na mlango. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Salvina alicheka. Alicheka kwa sauti peke yake jikoni mpaka Tarsisi akaacha kula, na furaha aliyoisikia usiku huo hakuwahi kuisikia hata siku ya harusi yake.

Ilidumu mpaka asubuhi tu, alipokwenda kisimani akamkuta Generosa.

"Mwangaluka, Mama Clemens."

"Mwangaluka, mayu," Salvina aliitikia salamu.

Generosa alikuwa amekonda. Alijitwisha ndoo bila kusaidiwa, na alipoinua mkono Salvina aliona chale kwenye kifundo cha mkono, chale za kuchanjwa, zimepona na kubaki nyeusi. Wanawake wengine wa kisimani walizinong'ona kwa muda, wakachoka, wakaendelea na jambo lingine, yaani kwamba mama mkwe wa Generosa siku hizi anamwita Gogo mbele ya wageni. Gogo, letea wageni maji. Gogo, fagia uwanja. Kwa sababu gogo halichipui.

Salvina alirudi nyumbani na maji yake na hasira mpya. Aliona wazi kwamba wimbo alionao mdomoni ungempiga Donatus, lakini ungepita kwanza mwilini mwa Generosa. Watu wakisikia katekista amekwenda kwa mganga kutafuta mtoto, nani atachekwa? Mwanamume? Labda siku mbili. Mwanamke atachekwa mpaka afe. Na huyu ndiye mwanamke pekee aliyemwombea Clemens.

Alikaa na hilo siku mbili, na mwishowe akapata njia. Wakati wa kulaza majembe angetaja kikombozi chake: Donatus akagonge ile reli, aende kwa miguu mpaka kwenye mkonge, apige magoti, amsalie Clemens na kulitaja jina lake mbele ya kigango kizima. Akikubali, wimbo utabaki mdomoni. Akikataa, basi. Huo ulikuwa mpango wa haki, na mtu yeyote angeusifu. Lakini mimi nisiwadanganye. Salvina alipiga magoti mbele ya picha ya Bikira Maria usiku ule akaomba Donatus akatae.

Sikukuu ikapita kwa ibada na wali wa kubahatisha. Kesho yake ilikuwa tarehe tisa, siku ya Uhuru, na senta kulikuwa na ngoma mchana, makundi mawili ya wachezaji, bagika na bagalu, yakishindana. Kwa hiyo watu walikuja shambani kwa katekista alfajiri, wengine wameshavaa njuga miguuni kabisa, ili walime haraka wakacheze. Ardhi ilikuwa laini. Walijipanga mstari mmoja, wanaume kwa wanawake, na Salvina akakaa katikati na jembe lake.

Alianza kwa utani, kama kawaida. Alimwimba Bartholomeo mwenye duka, ambaye sabuni yake huadimika kila mtu akiihitaji, lakini fulana zake mwenyewe zinang'aa kila Jumapili. Watu waliitikia kwa kishindo, majembe yakashuka pamoja, na Bartholomeo akatoa kipande cha sabuni mfukoni akakirusha juu kwa kicheko, kwa maana aliyeimbwa hakasiriki. Akamwimba kaka yake Tarsisi, aliyekwenda kuchimba dhahabu akarudi na redio isiyo na betri. Udongo ulipinduka mweusi nyuma yao. Ilikuwa asubuhi nzuri, hata Salvina aliiona.

Walipofika kwenye kichuguu kilicho katikati ya shamba, Salvina aliinua mkono. Majembe yakalala chini.

Donatus alitoka nyumbani kwake akitabasamu, amevaa koti lake la Jumapili, jogoo mwekundu kwapani. Nyuma yake Generosa alikuja na mtungi wa togwa kichwani. Donatus alimnyooshea Salvina yule jogoo.

"Haya, Salvina. Huyu hapa mkombozi wenu. Mwendelee, mvua inakuja."

"Kuku sitaki, katekista."

Watu walicheka, wakidhani anapandisha bei.

"Unataka nini? Mbuzi sina."

"Nataka ukaigonge reli. Halafu uende kwa mkonge, upige magoti, umsalie mwanangu sala za maziko, na ulitaje jina lake. Ukirudi, utakuta shamba lako limekwisha na mbegu ziko ardhini."

Kicheko kikakatika. Jogoo alipapatika, na Donatus akambana kwa nguvu zaidi. Tabasamu lake lilikaa usoni kwa muda, kisha likaondoka.

"Mambo ya Kanisa hayaletwi shambani," alisema.

"Wewe uliyaleta matangani."

"Mtoto yule alikufa na hirizi mkononi. Mimi sikuiweka. Sheria ya Mungu haikombolewi kwa majembe. Jamani, mnamsikia huyu? Inueni majembe."

Hakuna aliyeinua. Mzee Ansgar, mwenyekiti wa baraza la kigango, alisafisha koo.

"Katekista, desturi ni desturi. Ningi ametaja. Wewe mjibu yeye, si sisi."

"Nimeshamjibu. Sikubali. Na Salvina, ukitaka kurudi kwenye komunyo, hii siyo njia."

Salvina alisikia moyo wake ukifunguka kama mlango. Amekataa. Bikira Maria amesikia. Alishika jembe lake wima, akapiga mpini kwa jiwe kutafuta mdundo, na akaanza, polepole, kwa sauti ile ya juu ambayo kwaya ilikuwa haijaipata tena tangu afukuzwe:

*Nyarugusu, Nyarugusu, wachimbaji wafuata dhahabu,*
*mbona nasikia hata rozari imekwenda kuchimba?*

Watu waliitikia kwa mazoea, kabla ya kuelewa: *Imekwenda, mayu, imekwenda!* Kisha wakaelewa kwamba kuna jambo. Mkono wa Donatus ulioshika jogoo ulilegea, jogoo akaruka, akakimbilia vichakani, na hakuna aliyemfukuza.

*Rozari ilishusha kofia, mlangoni kwa Bhoke,*
*ilikwenda kuomba...*

"Nyamaza!" Donatus alipiga kelele. "Nyamaza wewe mwanamke!"

Alikuwa amekasirika. Mbele ya kigango kizima, aliyeimbwa alikuwa amekasirika, na kila mtu akajua kwamba ni kweli, ingawa hawakujua ni kweli gani. Salvina alivuta pumzi ya ubeti wa mwisho. Ndipo alipomwona Generosa akiutua mtungi wake chini, taratibu, akiushikilia usimwagike, na maneno yakamkwama kooni. Alitaka kuyatoa. Alikuwa ameyangoja mwaka mzima, yalikuwa matamu kwenye ulimi, na bado yalikwama.

"Usimalize, Mama Clemens," Generosa alisema. "Huo ubeti ni wangu."

Alisogea mbele ya mumewe, akaukunja mkono wa blauzi yake.

"Tulikwenda kwa Bhoke kutafuta mtoto. Mwezi wa nane. Sikwenda peke yangu, tulikwenda wawili. Mimi nilichanjwa hapa, tazameni. Yeye alichanjwa kiunoni, na hirizi anayo mpaka sasa chini ya mkanda. Jumapili yake akawahubiria juu ya hirizi, mimi nimekaa benchi la mbele, damu ya chale haijakauka."

"Generosa," Donatus alisema kwa sauti ndogo. "Mke wangu."

"Bado. Bhoke alisema shida si yangu, ni yake yeye. Alimwambia mbele yangu. Njiani akalia, nikambembeleza, nikamwambia tutakaa hivyohivyo, Mungu ndiye mpaji. Tulipofika nyumbani akamwambia mama yake kwamba mimi ni mgumba, tena ameambiwa na daktari. Tangu siku hiyo naitwa Gogo. Nilikuwa nangoja mtu aanze tu, nimalizie."

Akashusha mkono wa blauzi yake. Hakulia hata kidogo.

Mwanamke mmoja alianza kucheka, kisha mwingine, na kicheko kikapita kwenye mstari wote wa wanawake mpaka wa mwisho. Wanaume waliangalia mipini ya majembe yao. Donatus alijaribu kusema jambo juu ya majaribu ya shetani, akalianza mara mbili, na kila alipolianza mkono wake mwenyewe uliteleza kwenda kiunoni kushika mkanda, na kila ulipoteleza watu walicheka upya. Kikulacho ki nguoni mwako, mtu mmoja alisema, tena hakusema kwa siri.

Mzee Ansgar aliangalia mawingu. Yalikuwa yameshafunika upande wa magharibi.

"Katekista," alisema, "mvua haimngoji mtu. Nusu ya shamba lako haijaguswa. Komboa majembe, au sisi twende ngomani, na mwakani utalima na mama yako."

Donatus aliwatazama mmoja mmoja, akitafuta uso wa kumwonea huruma. Hakuupata. Kisha alianza kutembea. Alipofika kanisani alishika nondo, akaigonga ile reli, na waliokuwa mashambani mbali wakasimamisha kazi, wakavua kofia, wakaulizana ni nani aliyekufa. Watu wote walimfuata nyuma, majembe wameyaacha shambani, njuga zikilia chwa, chwa, chwa kila hatua. Salvina alitembea karibu naye kabisa. Alitaka kuuona uso wake.

Kando ya mkonge palikuwa na tope. Donatus alitafuta mahali pakavu, na hapakuwapo. Alipiga magoti na suruali yake ya Jumapili, akafanya ishara ya msalaba, akaanza sala za maziko kwa kichwa bila kitabu. Machozi yalimtoka, ya kweli, yakadondoka kwenye koti. Baadhi ya wanawake waliomcheka shambani sasa walianza kulia pamoja naye, ndivyo watu walivyo. Salvina alijitazama ndani kutafuta huruma, kwa maana alijua ndiyo inayotakiwa pale. Hakuikuta. Alikuta utamu mtupu, na hakuuonea haya.

"Ee Bwana," Donatus alisema, "umpokee mtoto wako huyu..."

"Ana jina," Salvina alisema.

Manyunyu yalianza kudondoka kwenye majani ya mkonge.

"Umpokee mtoto wako Clemens," alinong'ona.

"Sijasikia."

"Clemens."

"Sijasikia, katekista."

Alilisema tena, kwa sauti zaidi, na Salvina akatikisa kichwa. Mvua ikaanza kweli, na hakuna aliyeondoka. Mzee Ansgar alitaka kusema imetosha, akamwangalia yule mama, akaacha. Generosa alisogea akasimama bega kwa bega na Salvina. Donatus aliinua uso, maji yakimchuruzika kidevuni, akapaza sauti mpaka watoto waliokuwa nyumba ya tatu wakatoka kuchungulia.

"Clemens! Clemens! Clemens, mwana wa Salvina!"

"Rudia," alisema Mama Clemens. Alikuwa amemsikia tangu mara ya kwanza.